Mlio wa Gia ya Tatu

Nyumbani, mlimani
Jumanne, 4 Machi

Fundi Sikio,

Salamu. Ninaanza na salamu kwa sababu nililelewa hivyo, si kwa sababu unazistahili.

Gari langu limetoka kwako mara mbili katika mwezi mmoja, na mara zote mbili limerudi na mlio uleule. Mara ya kwanza ulibadilisha oili na plagi. Mara ya pili ulifungua kifuniko cha juu, ukarekebisha valvu, ukanirudishia gari pamoja na tabasamu. Tabasamu sikuliomba. Niliomba mlio uondoke.

Nitaueleza tena, na safari hii kwa maandishi, usije ukasema sikusema. Unaanza asubuhi, injini ikiwa bado ya baridi. Nikipanda mlima kwa gia ya tatu na kukanyaga akseleta, unakuja: tik tik tik, mkavu, wa haraka, kama mtu anayegonga bilauri kwa ukucha. Nikizidi kukanyaga, nao unazidi. Nikiinua mguu, unanyamaza. Injini ikishika moto unapungua, lakini hauishi. Unatoka mbele, upande wa abiria.

Nimekuwa mkunga kwa miaka thelathini na minne. Kazi yangu ilikuwa kuweka pembe ya mbao juu ya tumbo la mama na kusikiliza moyo usiozidi ukubwa wa njugu, huku wodi nzima ikipiga kelele. Mwanao wa pili nilimsikia mimi kabla wewe hujajua kama ni mmoja au wawili. Kwa hiyo nikisema kuna mlio, kuna mlio.

Ningekupigia simu, lakini simu yako huita mpaka inachoka yenyewe. Barua hii nampa dereva wa lori la maziwa, anayepita mlangoni kwako kila siku. Ikinuka maziwa, vumilia.

Jambo hili si la mzaha kwangu. Mwanangu atakuja mwisho wa mwezi. Tangu baba yake afariki ana wazo moja tu: nikabidhi funguo za gari, nifunge nyumba, nihamie kwake mjini, nikae katika chumba chenye televisheni. Nilipomweleza habari za mlio kwa simu aliniuliza polepole, kama anayesema na mtoto, "Mama, na fundi anausikia?" Nikamjibu kwamba fundi ataurekebisha. Sikumwambia kwamba fundi anaukana.

Bila gari sifiki kwa dada yangu. Unajua kwamba hatembei tena. Kila Alhamisi namwendea ng'ambo ya mlima, namwogesha, namwosha nywele, tunagombana mpaka saa kumi, narudi kichwa kikiniuma. Hakuna mtu mwingine anayejua kugombana naye.

Tengeneza gari langu.

Mimi,
Mkunga


Gereji, njia panda
Ijumaa, 7 Machi

Mama Mkunga,

Shikamoo. Barua imefika, na maziwa yake.

Mama, nakuheshimu. Wanangu wote watatu walikuona wewe kabla ya kuniona mimi. Lakini kila mtu na kazi yake. Watu hawakuniita Sikio kwa sababu nina masikio makubwa. Waliniita hivyo kwa sababu gari likiwa bado kwenye kona ya juu, nami nimelala chini ya jingine, nilikuwa nasema, "Huyo anayekuja, beringi ya nyuma imekwisha." Likifika, wanakuta imekwisha kweli. Hiyo ni miaka arobaini. Leo nifundishwe kusikiliza injini na mtu ambaye mwaka juzi alitaka kufungua boneti akafungua buti!

Gari lako nimeliangalia. Oili iko kwenye alama, tena safi. Plagi nne, zote mpya. Valvu nimezipima moja moja. Nimeweka ncha ya bisibisi juu ya injini na mpini sikioni, nikasikiliza silinda zote. Inanguruma kama paka aliyeshiba. Hakuna tik wala tak. Kama unasikia tik tik, angalia saa yako ya mkononi.

Kuhusu simu, hiyo ni ya watu wa umbea. Mwenye neno la maana huliandika, likabaki, asipatikane wa kulikana.

Gari ni zima. Liendeshe, mama, upumue.

Wako mtiifu,
Fundi Sikio


Nyumbani, mlimani
Jumanne, 11 Machi

Fundi Sikio,

Saa yangu ya mkononi ilisimama mwaka aliofariki mume wangu, na sijaitia betri. Tafuta kisingizio kingine.

Paka aliyeshiba hatafuni mifupa. Huyu wako anatafuna.

Kwa kuwa hunisadiki, nimefanya kazi yako. Jana nilipanda mlima kwa gia ya tatu, mshale ukiwa kwenye arobaini, na mlio ukaja. Kwa mwendo uleule nikatia gia ya pili. Magurudumu hayakubadili mwendo, lakini injini iliharakisha, na mlio ukaharakisha pamoja nayo. Basi hautoki kwenye magurudumu. Unatoka kwenye injini, mahali ambapo wewe umeandika kwamba hakuna kitu.

Dada yangu, kitandani kwake, hujua nimefika kabla sijazima gari. Husema, "Gari lako linahesabu dhambi zako, ndiyo maana halimalizi." Anao umri wa miaka themanini na anausikia mlio kupitia ukuta. Wewe umeuwekea bisibisi na huusikii.

Ijumaa saa tatu asubuhi nitakuwa gerejini. Nitakaa kwenye kiti, nitakanyaga akseleta mimi mwenyewe, nawe utasikiliza mbele ya macho yangu.

Mkunga


Mjini
Jumatatu, 17 Machi

Mzee Fundi,

Shikamoo. Mimi ni mtoto wa pekee wa Mkunga, mwenye gari la kijani. Huenda unanikumbuka. Ulinifundisha kuziba pancha ya baiskeli. Nimejaribu simu yako siku nne, haipokelewi, ndiyo maana naandika.

Mama anasema kuna mlio kwenye injini na kwamba wewe huusikii. Anasema alikuja kwako Ijumaa, akakaa saa nzima akikanyaga akseleta, nawe ukatikisa kichwa tu na kumwacha akizungumza peke yake. Siandiki kukulaumu. Naandika kwa sababu nina hofu.

Mwezi uliopita, siku ya Alhamisi, alirudi kutoka kwa mama mkubwa, akabandika sufuria jikoni, akasinzia kwenye kiti. Jirani ndiye aliyeona moshi dirishani. Alhamisi iliyofuata alinipigia simu na kuniita kwa jina la marehemu baba, mara mbili. Kila Alhamisi jioni analalamika kichwa. Sasa huu mlio nao umekuja. Mtu wa miaka sabini na mmoja, barabara yenye kona kumi na moja, na anasikia sauti ambayo Fundi Sikio hasikii. Wewe ungekuwa mimi ungefanya nini?

Naomba mambo mawili. Kwanza, uniandikie kwa mkono wako kama mlio upo au haupo. Neno langu hatalikubali, lako huenda akalikubali. Pili, unipe ufunguo wa akiba ambao baba aliuacha gerejini kwako.

Tafadhali, mama asijue kwamba nimekuandikia.

Mwanao


Gereji, njia panda
Alhamisi, 20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Pancha naikumbuka. Ulibandika kiraka upande usio na tundu.

Andiko uliloliomba ni hili: Mimi, Fundi Sikio, nimelikagua gari la kijani la mama yako mara tatu. Injini ni nzima. Hakuna mlio wowote.

Ufunguo wa akiba siuoni. Nitautafuta.

Usimkasirikie mama yako. Uzee hubisha hodi kwa kila mtu, na kila mtu huufungulia mlango wake.

Fundi Sikio


Nyumbani, mlimani
Jumanne, 1 Aprili

Wewe Fundi,

Leo sina salamu.

Juzi Jumapili mwanangu alikuja na mikate miwili na karatasi yako. Alingoja nimalize chai, akaikunjua mezani, akaisoma kwa sauti. "Hakuna mlio wowote." Ulitia nukta na sahihi.

"Mama," akasema, "nisikilize."

"Nasikiliza. Kusikiliza kwangu ndiko kunakowaudhi."

"Huyu ni Fundi Sikio mwenyewe. Si mimi."

"Muulize mama yako mkubwa. Yeye anausikia akiwa kitandani."

"Mama mkubwa juzi alisema redio inamsengenya."

"Ungeisikiliza redio hiyo, nawe ungesema hivyo."

Hakucheka. Alisimama, akazitoa funguo kwenye ndoano ya mlangoni, akazitia kwenye mfuko wa shati, akaufunga kifungo. Kifungo hicho nilikishona mimi. Akasema nyumba tutaizungumza mwezi wa tano. Kesho kutwa ni Alhamisi, na dada yangu atakaa na nywele chafu akitazama mlango.

Mtu aliyenyang'anywa gari hupata nafasi ya kufikiri. Nimefikiri kwa siku mbili, na nilichokifikiria ni ile Ijumaa gerejini kwako.

Mimi nilikuwa kwenye kiti, wewe kichwa chako kimo ndani ya boneti. Nikakuuliza, "Unausikia sasa?" Hukujibu. Nikauliza tena. Hukujibu. Nikakuita kichwa cha nyundo, nawe hukukasirika. Fundi, wewe hukasirika hata ukisalimiwa kwa haraka. Ulipoinua uso ukaona midomo yangu inacheza, ndipo ukasema, "Naam, mama?" Simu yako ilikuwa juu ya benchi, karibu na kiwiko chako. Iliita mara tatu kwa ule mlio wake mwembamba kama wa mbu, ikakatika mara tatu. Hukugeuka. Hukuitazama hata kwa chuki. Kisha lori la mchanga likapita barabarani, nawe ukasema bila kuinua kichwa, "Gia boksi yake inakufa."

Siku ile niliondoka nikisema una kiburi. Nilikosea, na ninaufuta usemi huo. Milio minene inakufikia. Milio myembamba imekuhama, nadhani zamani, na wewe unajua. Huchukii simu kwa sababu ya umbea. Huisikii.

Nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu, nilifanya kazi chini ya muuguzi mkuu ambaye masikio yake yalikuwa yamechoka. Sote tulijua na hakuna aliyesema. Siku moja aliweka pembe juu ya tumbo la mama, akatulia, akasema, "Moyo upo, unapiga vizuri." Mimi nilikuwa nimesikiliza kabla yake, nikausikia ukisitasita. Nilinyamaza kwa heshima. Mtoto yule hakulia. Tangu siku hiyo sinyamazi kwa heshima ya mtu yeyote, na sitaanza na wewe.

Kuzeeka si kosa. Kosa ni kuuandika uzee wako kwenye karatasi kisha ukatia jina langu.

Mkunga


Gereji, njia panda
Ijumaa, 4 Aprili

Mama,

Umevuka mpaka. Mimi si mgonjwa wako, na gereji yangu si wodi. Masikio haya yamelisha watoto watatu na kusomesha wawili. Gari lako ni zima, mwanao anakutakia mema, na mimi nina kazi.

Usiniandikie tena.

Fundi Sikio


Gereji, njia panda
Jumatano, 9 Aprili

Mama Mkunga,

Shikamoo. Ile barua yangu ya Ijumaa itie motoni.

Nilipoikabidhi kwa dereva wa maziwa nilijiona mwanamume. Nikaenda nyumbani kula. Mezani nikamuuliza mke wangu, kama mtu anayezungumza tu, "Ile saa ya ukutani ilikufa lini?" Nilikuwa najua ni zamani, maana miaka mingi sijasikia tik yake. Mke wangu akacheka. Kisha akaacha kucheka. Akasema, "Saa haijafa, baba watoto. Tazama mshale."

Mshale ulikuwa unakwenda.

Nikasema, "Kwa nini hukuniambia?" Akasema, "Ninakuambia mwaka wa nne huu. Ninakuambia kwa kupiga kelele. Majirani wanadhani tunagombana."

Mama, nilikuwa najua na sikuwa najua. Nilijua kwamba simu siisikii, nikasema simu za siku hizi ni mbovu. Nilijua kwamba ndege wa asubuhi wamepungua, nikasema wamehama. Gari lako lilipokuja nikaweka bisibisi sikioni, nikasikia mngurumo mzuri mnene, nikasema basi. Kuna bati la kukinga joto ubavuni mwa injini, upande wa abiria, hapo hapo ulipoelekeza kidole. Sikulifungua hata mara moja. Fundi asiye na jina angelifungua siku ya kwanza, kwa sababu angekuwa na shaka. Mimi sikuwa na shaka. Nilikuwa na sikio.

Tena kuna jambo jingine, na hili sio la masikio. Ufunguo wako wa akiba haujapotea. Uko kwenye msumari wa tano kutoka mlangoni, pale alipoutundika marehemu mumeo. Mwanao aliuomba, nikamwandikia siuoni. Nilikuwa nimekwisha kuandika uongo mmoja mstari wa juu, na nadhani mkono uliogopa kuukamilisha.

Jumamosi asubuhi nitapanda na lori la maziwa nikiwa na vyombo vyangu na ufunguo huo. Gari limelala siku nyingi, injini itakuwa ya baridi, na ndivyo ninavyotaka. Kila ulipokuja kwangu ulikuwa umeteremka kilomita ishirini, chuma kimeshika moto na kutanuka. Utakaa kwenye kiti. Utakachosikia, useme kwa mkono, sio kwa mdomo. Inua mkono ukisikia, ushushe kikinyamaza.

Ukitaka kunitukana, nitazame usoni kwanza. Nisingependa tusi lipotee.

Fundi


Gereji, njia panda
Jumanne, 15 Aprili

Mwanangu,

Andiko langu la tarehe 20 Machi lichane. La kweli ni hili, na ninaliandika polepole ili lisomeke.

Mlio upo, au tuseme ulikuwapo mpaka Jumamosi saa nane mchana. Mama yako aliusikia sawasawa tangu mwanzo. Mimi sikuusikia kwa sababu masikio yangu hayashiki tena milio myembamba, nami nilificha. Nilipokuandikia kwamba uzee hubisha hodi, ulikuwa umekwisha kuingia kwangu na kuvua viatu.

Tulifanya hivi. Nilifungua bati la kukinga joto. Mama yako akawasha injini ya baridi, akavuta breki ya mkono, akatia gia, akaachia klachi nusu, akakanyaga akseleta ili injini ivute kama inapanda mlima. Nilikata ukanda mwembamba wa gazeti, nikausogeza polepole pale bomba la moshi linaposhikana na injini, bolti baada ya bolti. Kwenye bolti ya kwanza karatasi ilitulia. Kwenye ya pili ilitulia. Kwenye ya mwisho, nyuma kabisa, ilianza kupigapiga kama kope. Nikainua macho. Mama yako alikuwa ameinua mkono. Akaachia akseleta, karatasi ikatulia, mkono ukashuka. Akakanyaga, karatasi ikapigapiga, mkono ukapanda. Tulirudia mara saba. Mara ya kwanza ilitosha. Hizo sita zilikuwa za kwangu.

Bolti hiyo ilikuwa imekatika kichwa. Gasketi nyuma yake, inayoziba moshi usivuje, ilikuwa imeungua, na pembeni mwa chuma kulikuwa na mstari mweusi wa masizi ambao hata mtoto angeuona. Kila silinda ya mwisho ilipopumua, moshi ulichomoka hapo kwa kishindo kidogo. Hicho ndicho kishindo kilichokutia hofu. Nimetoboa kipande kilichobaki ndani, nimetia bolti mpya na gasketi mpya, na nimerudia mtihani wa karatasi. Imetulia.

Sasa nisikilize vizuri, maana mimi nimejua gharama ya kutosikiliza. Moshi uliotoka hapo haukwenda mbali. Tundu la kuingizia hewa ndani ya gari liko shibiri mbili kutoka kwenye bolti ile. Mama yako hupanda mlima na kuushuka kila Alhamisi, vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi. Uliniandikia mwenyewe habari za kichwa kinachouma, sufuria, usingizi wa kwenye kiti, jina la marehemu. Zote ni za Alhamisi. Barua yako ninayo, nimezihesabu siku. Mimi si daktari, na ninakuomba umpeleke akapimwe. Lakini moshi wa gari huumiza kichwa na kulewesha akili, hilo kila fundi analijua. Wewe ulidhani mama yako anasikia mlio kwa kuwa akili inampotea. Mimi nadhani akili ilikuwa inayumba kwa sababu ya kilekile kilichokuwa kinalia. Alikuwa anatupigia kelele sote wawili, na sisi tukaandikiana barua juu yake.

Ufunguo wa akiba nimemwachia. Ameuweka mezani na hataki kuugusa. Anasema hawezi kuliiba gari lake mwenyewe, anangoja zirudi zile zilizotoka kwenye ndoano.

Fundi

Neno la pili la jina langu nimelifuta kwenye ubao wa gereji. Usilitumie kwenye bahasha.


Mjini
Jumatatu, 21 Aprili

Mama,

Shikamoo. Funguo zimo ndani ya bahasha hii, nimezifunga kwa kitambaa zisitoboe karatasi.

Fundi ameniandikia. Nimeisoma barua yake mara nyingi kuliko nilivyoisoma ile ya kwanza, na ile ya kwanza nilipaswa kuisoma kwa shaka kidogo. Sikuulizia mlio. Niliulizia mtu wa kuniambia kwamba haupo.

Jumatatu ijayo nitakuja tukapime damu. Usikatae tafadhali. Bado naona nyumba hiyo ni kubwa kwa mtu mmoja, lakini sitaleta karatasi tena mezani kwako. Msalimie mama mkubwa. Mwambie redio nimeisikiliza, na ni kweli inasengenya.

Mwanao


Nyumbani, mlimani
Ijumaa, 25 Aprili

Fundi,

Salamu. Leo unazistahili, lakini si zote.

Jana nilikwenda kwa dada. Nilipanda kwa gia ya tatu, nikakanyaga akseleta kwenye kona zote kumi na moja, na sikusikia kitu isipokuwa injini. Kwenye kona ya saba nilisimama, nikashuka, nikatega sikio, kwa kuwa kimya hicho sikukiamini. Nikaona aibu kusimama barabarani nikimsikiliza aliyenyamaza, nikapanda tena.

Dada yangu hakujua nimefika. Aliniona mlangoni akaruka. "Unaingiaje nyumba za watu kama mwizi?" akasema. "Lile gari lako linalohesabu liko wapi?" Nikamwambia limemaliza kuhesabu. Akasema, "Haiwezekani, dhambi zako nazijua." Nywele zake zilikuwa za wiki nne. Niliziosha mara tatu, tukagombana kuliko siku zote, nikarudi nyumbani bila maumivu ya kichwa. Kwa hiyo nina deni la maneno kwa dada yangu, maana miezi yote hii nilimsingizia. Nikifikiri jinsi nilivyokuwa nikizikata kona zile huku nimevuta moshi wako, napandwa na hasira upya, na ninaomba ujue hivyo. Kuomba radhi kwako hakujaiondoa. Itaondoka yenyewe ikichoka.

Umefuta neno kwenye ubao na unadhani umemaliza. Hujamaliza. Nenda ukapimwe masikio. Wapo watu wanaoendesha magari yaliyopita mikononi mwako miaka minne hii, na wao hawakulelewa kubishana kama mimi. Waite mmoja mmoja. Fungua kila bati. Tembea na ukanda wako wa gazeti. Mkeo apokee simu, apumzike kupiga kelele. Ukikuta gari ambalo macho yako hayalimalizi, nipe habari kwa lori la maziwa, nije nilisikilize. Siku ya Alhamisi sipatikani.

Ndani ya barua hii umo ufunguo wa akiba. Zangu zimerudi kwenye ndoano, na huu sina haja nao huku. Utundike palepale, msumari wa tano kutoka mlangoni, na mtu yeyote akikuuliza, hata awe mwanangu, usimwambie huuoni.

Mkunga